Habari za Vijiji vya Kwanza vya Wakristo, na Jinsi Watu Walivyokaa Humo

Katika vitabu vya jubilei huandikwa habari za maaskofu na mapadre, na za makanisa yaliyojengwa: nani aliweka jiwe la kwanza, na nani aliibariki kengele. Habari hizo ni njema, nasi twazipenda. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi halipewi nafasi yake, nalo ni habari za jembe. Maana kabla ya kanisa la mawe palikuwa na kibanda cha miti na udongo, na kabla ya kibanda palikuwa na watu waliofika mahali pasipo pao, wakaulizana: Tutakula nini? Na nani atakata mashauri yetu? Maswali hayo mawili ndiyo tutakayoyafuata katika habari hizi, kwa sababu tumeona kwamba vijiji vya kwanza vilisimama au vilianguka kwa kadiri vilivyoyajibu.

Kijiji cha kwanza hakikudumu. Mwaka 1857 Dr. Livingstone alisema na watu wa chuo kikuu cha Cambridge huko Uingereza, na kwa maneno yake ikazaliwa ile Misheni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenziwe walipanda mto Zambezi na mto Shire pamoja na Livingstone mwenyewe. Mwezi wa Julai wakakutana na msafara wa watumwa. Wenye msafara wakakimbia, na watu 84 wakakatiwa kamba na kuondolewa miti ya panda shingoni. Basi watu hawa waende wapi? Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, na kwao kulikuwa na vita. Askofu akawachukua, akakaa nao Magomero, katika nchi ya Wamang'anja, nao ndio wakawa kijiji chake.

Sisi twamheshimu Askofu yule, aliyekufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa zake zote kuzama mtoni. Hata hivyo haifai kuficha yaliyokuwa. Kijiji cha Magomero kililishwa kwa chakula cha kununua kwa nguo, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakikimbia mashamba yao kwa ajili ya vita. Tena Askofu alikuwa ameshika bunduki kwa ajili ya watu wake na kupigana na Wayao, kwa hiyo kijiji kikawa na adui kabla hakijawa na mavuno. Mvua zilipokosa kunyesha, nguo hazikuweza kununua kitu, kwa kuwa chakula hakikuwapo cha kuuzwa. Watu walikufa kwa njaa na kuhara, wakubwa kwa wadogo, na wamisionari wenyewe wakazikwa kando yao. Waliosalia wakahamishwa, na mwaka 1864 Askofu Tozer, aliyemfuata Mackenzie, akaihamisha Misheni yote mpaka Unguja. Wako waliomlaumu kwamba amekimbia. Huenda, lakini sisi twaona kwamba alipoondoka alikuwa amejifunza jambo kwa gharama kubwa.

Huko Unguja manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na watu waliokombolewa walipewa Misheni kuwatunza. Mwaka 1871 Misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, na jamaa zilizowekwa huru zikapewa viwanja vya kujenga na kulima. Mwaka 1873 Seyyid Barghash akalifunga soko la watumwa, na mahali pale pale pa soko kanisa kuu likaanza kujengwa. Basi watu wakazidi kuwa wengi. Mbweni palikuwa pazuri, twakubali; lakini kisiwa ni kidogo, ardhi ni ya wengine, na mji uko karibu sana. Mtu aliyetoka bara hakuona hapo mahali pa kuwazika wazee wake na kuwalea wajukuu wake. Na wengi wao walikuwa wametoka upande wa kusini: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, waliopitishwa njia ya Kilwa wakiwa watoto. Walipokaa jioni walizungumza habari za milima na mito.

Hapo ndipo Askofu Edward Steere alipofanya shauri lake. Walimu wote wa Kiswahili wanamjua Askofu huyu kwa vitabu vyake, maana ndiye aliyekusanya hadithi za Unguja na kuandika sarufi, naye aliifasiri sehemu kubwa ya Maandiko. Lakini alikuwa pia mtu wa kazi za mikono. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu mpaka Mwembe, kwa Mataka, mfalme mkubwa wa Wayao, ili kuitazama nchi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1876, akatoka Unguja pamoja na watu waliowekwa huru, zaidi ya 50, waume kwa wake, waliokubali wenyewe kwenda. Wakashuka Lindi kwa chombo, kisha wakashika njia ya bara, wakibeba mizigo yao vichwani: majembe, mashoka, vyungu, mbegu, nguo za kununulia chakula. Nia ya Askofu ilikuwa kuwafikisha mbali, upande wa ziwa Nyasa, karibu na kwao.

Walipokwisha kwenda maili themanini na zaidi wakafika Masasi. Msomaji ambaye hajafika Masasi na ajue kwamba ni mahali penye milima ya mawe matupu, mikubwa, inayosimama peke yake katika nchi ya tambarare, kana kwamba imewekwa na mtu. Chini ya milima maji yanapatikana, na udongo unakubali mtama na muhogo. Wasafiri walipoiona nchi ile walisema kwamba wamefika. Inafanana na kwao, wala hawana haja ya kwenda mbele. Askofu akafikiri. Njia ya mbele haikuwa na hakika, mvua zilikuwa karibu, na mtu hawezi kumlimisha mwenzake mahali asipopapenda. Akakubali shauri lao.

Twaomba wasomaji wetu wasilipite jambo hili upesi. Watu hawa walikuwa wamechukuliwa makwao kwa nguvu, wakauzwa, wakachukuliwa baharini, wakakamatwa tena na manowari, wakapelekwa Unguja bila kuulizwa. Tangu walipokuwa watoto hakuna aliyewauliza, Je, mwataka kukaa wapi? Masasi ndipo waliposema, na Askofu mwenye elimu nyingi akabadili safari yake kwa sababu ya neno lao. Kwa maoni yetu hapo ndipo kilipozaliwa kijiji, kabla hata mti mmoja haujakatwa.

Basi wakaanza. Mwezi wa Novemba si mwezi wa kuchezea katika nchi ya kusini. Mvua za kwanza zakaribia, na mtu ambaye hajafyeka na kuchoma majani ya shamba lake atapanda kwa kuchelewa, na atakayechelewa atavuna haba. Wakati huo huo nyumba zilitakiwa, maana haiwezekani kulala nje wakati wa masika. Kila jamaa ikapata kiwanja na shamba. Nyumba zilikuwa za miti na mianzi, zikafungwa kwa kamba za magome, zikakandikwa udongo na kuezekwa majani, kama zilivyo nyumba nyingi vijijini kwetu hata leo. Kanisa lao la kwanza lilikuwa nyumba ya namna hiyo hiyo. Hakuna kilichotoka mbali ila chuma cha jembe na shoka, na nguo, na vitabu. Askofu alipoona kazi imeanza vizuri akarudi Unguja, na mwaka 1877 akaja Padre Chauncy Maples, kijana bado, akakaa nao miaka mingi.

Mtu aliyezoea mji atasema maisha hayo yalikuwa ya dhiki. Nasi twajua kulima, twamjibu kwamba inategemea mtu anaita nini dhiki. Katika nchi hizi mkulima mwenye akili hupanda mtama, na katikati ya mtama kunde na maboga, ili majani ya maboga yafunike udongo usikauke, na kunde zimpe mboga kabla mtama haujakomaa. Pembeni huweka muhogo. Mbegu huitundika juu ya meko, moshi uifukuze dudu. Mavuno huyaweka ghalani, akayagawa kwa akili mpaka mwezi wa Machi, maana Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa kwetu, si kwa sababu nchi ni mbaya, bali kwa sababu ghala limekwisha na shamba halijaiva. Majivu ya jikoni hurudi shambani. Kamba yatoka porini, chungu chatoka udongoni, chumvi hutafutwa kwa kubadilishana. Mtu wa namna hii ana vitu vichache, lakini hana deni. Na kwa mtu aliyekuwa yeye mwenyewe bidhaa ya kuuzwa sokoni, kula chakula ambacho hakuna bwana aliyempa ni jambo zito kuliko tunavyoweza kulieleza.

Hivyo swali la kwanza, la chakula, watu wa Masasi walilijibu kwa mikono yao. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Nani atakata mashauri? Kijijini watu hugombana: mbuzi ameingia shambani, mume amempiga mke, kijana ameiba. Katika kila nchi jambo la namna hii hupelekwa kwa mfalme na wazee wake. Lakini kijiji hiki kilikuwa cha watu waliotoka kabila mbalimbali, hawana mfalme mmoja wala desturi moja. Kwa hiyo kila neno lilipelekwa kwa padre. Padre alikuja kuwa mchungaji, akajikuta amekuwa kadhi. Na kadhi huulizwa adhabu.

Hatari hii haikuwa ya Masasi peke yake. Katika misheni ya Blantyre, iliyoanzishwa na Waskoti mwaka ule ule wa 1876, wakubwa wa kijiji walijifanya serikali. Watu walipigwa viboko vikali, na mmoja akauawa kwa hukumu ambayo haikuwa na haki. Habari zikatangazwa Ulaya mwaka 1880, na wajumbe wakatumwa mwaka 1881 kuchungua, na waliohusika wakaondolewa. Frere Town karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliowekwa huru, nako yalitokea malalamiko ya viboko, na uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Kengele ya kale ya Frere Town ingaliko, na mahali pale huitwa Kengeleni. Watu hupita chini yake na kuisifu, nasi twaisifu. Lakini kengele ile ile iliyowaita watu salani iliwaita pia kazini, wala si kila aliyeisikia alikuwa ameulizwa kama ataka kuitika.

Hata Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, palikuwa na mpango wa namna hii. Waliwakomboa watu wengi, wakawafundisha ufundi na kilimo, wakapanda minazi mingi, na vijana walipooana walipewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Sehemu kubwa ya juma ilikuwa ya kazi katika mashamba ya Misheni, na siku zilizobaki zilikuwa za shamba la mtu mwenyewe. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kuu ilivuma juu ya Unguja na Bagamoyo, ikang'oa miti na kubomoa majengo, na mapadre na watu wao wakaanza tena pamoja. Kazi ya Bagamoyo ni kubwa, na kutoka huko Injili ilikwenda Mhonda na Morogoro na mbali zaidi. Neno letu ni moja tu: mtu anayelima shamba la mwingine siku nyingi kuliko lake hukawia kujiona mwenyeji.

Kuna kijiji kingine, kisichotajwa sana, nacho chastahili kutajwa, kwa kuwa hakikuanzishwa na Mzungu. Ni Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya Malindi na Mombasa. Alikianzisha Mgiriama aliyeitwa Abe Ngoa, aliyepokea mafundisho ya Kikristo, na waliomfuata walikuwa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Hawakungojea manowari. Walijikomboa kwa miguu yao, wakaingia msituni, wakafyeka, wakalima, wakasali. Hakuna aliyewapa posho, wala hapakuwa na ghala la kwenda kugonga mlango wake. Mwaka 1883 watu wa pwani walikwenda kwa silaha wakakivunja kijiji, na David Koi, mmoja wa viongozi wao, akauawa. Wengine wakakimbilia Rabai, ambako watoro walikuwa wengi tayari. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya Kampuni ya Waingereza kuwalipa wenye watumwa, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru huko Rabai. Makatekista wa Rabai, kama William Jones, aliyekuwa mtumwa utotoni akalelewa Bara Hindi, ndio waliosimama na watu hao miaka yote, hata pale wakubwa wao walipoogopa ghadhabu ya pwani na kutaka watoro wafukuzwe. Jambo hili twaliandika kwa furaha, sisi tulio makatekista.

Turudi Masasi. Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Tarehe 27 Agosti Askofu Steere alifariki Unguja, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu alilolijenga mahali pa soko la watumwa. Mwezi uliofuata, hata habari za kifo chake hazijatulia, Wamagwangwara, ndio Wangoni wa upande wa Songea, wakaishukia Masasi. Kijiji hakikuweza kushindana nao. Nyumba zikachomwa, vitu vikachukuliwa, wengine wakauawa, na wengine wakatekwa. Fikirini, ndugu: mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, akawekwa huru, akajenga nyumba, akavuna mara tano, afungwe kamba mara ya pili na kupelekwa porini. Wengine walikombolewa, na Padre W. C. Porter akafunga safari mpaka kwa Wamagwangwara wenyewe kuwatafuta waliotekwa. Watu wa kusini wanaoa na kuolewa na Wangoni siku hizi, na twasali pamoja; kwa hiyo twaandika haya bila chuki. Lakini twayaandika.

Katika hofu ile wengi wakahamia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, kwa mfalme Matola, aliyewapokea wageni vizuri. Mtu akisimama Newala huona nchi yote ya bonde la Ruvuma chini yake, na adui hawezi kupanda bila kuonekana. Lakini Newala haikuwa na maji. Maji yalikuwa chini, mbali, na wanawake waliyateka bondeni na kuyapandisha kwa vichwa katika njia ya mteremko mkali. Sisi tuliowaona mama zetu wakitoka alfajiri na ndoo, wakarudi jua limekwisha kupanda, hatuhitaji kuelezwa bei ya usalama ule, wala ni nani aliyeilipa. Wanaume walikata shauri la kuhama. Maji walichota wanawake. Baada ya muda watu wakaanza kurudi Masasi, moja moja, kwenye maji na mashamba yao ya zamani. Moto huteketeza ghala na nyumba, lakini haufiki muhogo ulio chini ya ardhi.

Tangu hapo mambo yakabadilika, na badiliko hili ndilo lililoifanya dayosisi kuwa ilivyo. Askofu Smythies, aliyekuja mwaka 1884, alikuwa mwenda kwa miguu kuliko wote. Alizunguka nchi yote ya kusini mpaka Nyasa. Yeye hakupenda kijiji cha Wakristo kiwe kama kisiwa katikati ya watu wengine, chenye sheria zake na mkubwa wake Mzungu. Aliona afadhali Wakristo wakae katika vijiji vya wenyeji, chini ya wafalme wa nchi, nao waalimu wakae humo humo. Basi mwaka 1886 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Unguja na Canterbury, akafanywa shemasi na kupelekwa Chitangali kwa Nakaam, mfalme wa Kiyao. Alikwenda na mkewe na watoto wake, akakaa pale miaka mingi, mara nyingi bila Mzungu karibu. Mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza katika watu weusi wa Misheni ile. Kesi za Chitangali hazikuja kwake. Zilikuwa za Nakaam. Yeye alifundisha, akabatiza, akazika wafu.

Je, ina maana kwamba kijiji cha Masasi kilikuwa kosa? Wako wasemao hivyo, nao wana sababu. Watu wa kijiji cha misheni walijiona bora kuliko jirani zao, kwa nguo na kwa lugha, na jirani zao waliwaita watu wa Mzungu. Sisi hatukubali moja kwa moja. Mtu aliyekatwa katika shina lake hawezi kutumwa peke yake katika kijiji cha wageni, kama mbegu isiyokauka isivyoweza kuwekwa akiba. Alihitaji kwanza mahali pa kukaa na wenziwe, aoe, azae, alime, aaminiwe. Watoto waliozaliwa Masasi ndio waliokuwa na nguvu ya kutawanyika. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kukawia kuwapa watu wenyewe kukata mashauri yao. Walipewa jembe mwaka 1876. Baraza lilichelewa sana kuwafikia.

Na jambo hili si la zamani peke yake. Wengi wetu tulio walimu leo tulizaliwa katika vijiji vilivyopangwa wakati wa Operesheni ya Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Kabla ya hapo, katika mkoa wa Ruvuma, vijana walikuwa wamekwenda Litowa kwa hiari yao kulima pamoja. Mara ya kwanza njaa iliwarudisha, wakaenda tena mwaka 1961, wakafaulu, na vijiji vingine vikawafuata, wakawa na shule yao na mashauri yao ya pamoja. Mwaka 1969 umoja wao ukavunjwa kwa amri. Baadaye amri nyingine ikawahamisha watu mamilioni katika Tanzania, na wazazi wetu waliiacha miembe yao na makaburi ya wazee wao, wakapewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, mbali na mashamba yao. Mama zetu walitembea kwenda kuyalima yale ya zamani, kwa sababu udongo wake waliujua. Tulipokuwa watoto tuliwasikia wazee wakisema kwamba kijiji ni chema, ila hawakuulizwa. Hatukuelewa wakati ule. Tulikuja kuelewa tuliposoma habari za Masasi, za wale watu zaidi ya 50 waliotua mizigo yao chini ya mlima na kusema kwamba hapa panatosha.

Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, Masasi ikachomwa mara ya pili, na wamisionari wakakimbilia pwani. Mwaka uliofuata ukawa wa njaa katika nchi nyingi za kusini, kwa kuwa askari wa Wadachi walichoma mashamba na maghala. Lakini safari hii hapakuwa na kijiji kimoja cha Wakristo cha kuhamishwa. Wakristo walikuwa wametawanyika katika vijiji vya Wayao na Wamakua na Wamakonde, kila mmoja na shamba lake na jirani zake. Mvua zilipokuja walipanda. Kisha wakaanza kuchonga mawe ya kanisa jipya.